Tairi la jangwani ni lipi?

Methali zetu hazimpendi mtu anayechagua. Mchagua jembe, twaambiwa, si mkulima. Mchagua nazi naye hupata koroma. Nimezifundisha methali hizi kwa miaka mingi na sina ugomvi nazo zikibaki shambani na mnazini. Ziko, hata hivyo, sehemu za nchi hii ambako asiyechagua hafiki, na ambako chombo alichokipokea bila kuuliza ndicho kitakachomlaza njiani huku maji yakiwa yamesalia nusu lita. Leo nataka kusema juu ya tairi la pikipiki, na juu ya jangwa.

Yamkini msomaji atastaajabu: mwalimu wa isimu na matairi wapi na wapi? Jawabu ni jepesi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikizuru Marsabit kukusanya data ya lugha, na pikipiki ndiyo iliyonifikisha mahali ambapo gari la kukodi lingenimalizia mshahara. Huko nimekutana na watu ambao pikipiki ndiyo miguu yao: mwalimu anayefuata karatasi za mitihani, muuguzi aliyefunga kisanduku cha chanjo nyuma ya kiti, chifu anayekwenda kusuluhisha ugomvi wa kisima. Watu hawa hawashindani na yeyote. Wanataka kufika, na kurudi. Aidha, nimekuja kuamini kwamba suala la tairi la jangwani ni suala la lugha kabla halijawa suala la mpira.

Neno jangwa limebebeshwa mzigo mkubwa kupita nguvu zake. Mwanafunzi akilisikia, huona akilini vilima vya mchanga wa rangi ya dhahabu na msafara wa ngamia ukipita juu yake. Picha hiyo imetoka vitabuni na katika sinema, wala si ya uongo. Ila ni kipande kidogo cha jambo lenyewe. Sahara, ambayo jina lake kwa Kiarabu ni wingi wa neno lenye maana ya jangwa (hivi kwamba tusemapo “Jangwa la Sahara” tunasema “Jangwa la Majangwa”), imefunikwa na mchanga kwa kiasi cha robo tu. Sehemu iliyosalia ni mawe, changarawe na ardhi ngumu. Waliolazimika kupita huko na wanyama wao hawakuridhika na neno moja. Erg ni bahari ya mchanga. Reg ni uwanda wa changarawe. Hamada ni nyanda za mwamba na mawe yaliyo wazi. Sabkha ni ardhi tambarare ya chumvi, ambayo hukauka juu na kuficha tope chini. Wanajiografia wa Ulaya waliyachukua maneno hayo jinsi yalivyo kwa kuwa lugha zao hazikuwa nayo. Sisi hatujayachukua, na gharama yake tunailipa madukani.

Hebu tuyapeleke maneno hayo kaskazini mwa Kenya. Nyanda za Dida Galgalu, zilizoko kati ya Marsabit na Moyale, ni hamada: mawe meusi ya volkano yaliyotawanyika hadi upeo wa macho, mengine ya ukubwa wa ngumi, mengine ya kichwa cha ng'ombe, na kingo zake hukata. Chalbi, iliyoko magharibi mwa mlima Marsabit kuelekea Ziwa Turkana, ni sabkha isiyo na shaka. Ilikuwa ziwa zamani, na mvua kubwa ikinyesha hujaribu kuwa ziwa tena. Baina ya hizo mbili kuna changarawe nyingi. Mchanga nao upo, hasa katika mikondo mikavu ambayo wenyeji huiita laga. (Laga ni neno la Kioromo lenye maana ya mto. Mgeni huliona neno hilo kama kejeli mpaka siku mvua itakaponyesha milimani na mto ukarudi kudai njia yake.) Vilima vya mchanga vya kweli, vile vya sinema, vipo mahali pachache mno, kama vile kaskazini mwa bonde la Suguta. Kwa maneno mengine, jangwa ambalo watu wengi hununulia tairi ndilo lililo haba kuliko yote tuliyo nayo.

Muuzaji hana habari hiyo, au anayo na hana haja nayo. Ukimwambia unakwenda jangwani atakuletea tairi lenye meno marefu yaliyoachana, kisha atakutajia Dakar. Mashindano ya Dakar ndiyo yaliyolitia neno jangwa katika biashara ya matairi. Yalianzia Paris tarehe 26 Disemba 1978 na kumalizikia Dakar mwezi uliofuata, na kampuni ya Michelin baadaye ikatengeneza tairi la mashindano ya aina hiyo na kuliita Desert. Tairi hilo lilikuwa na sifa zake za kweli: mwili mnene, ubavu mgumu, meno ya kuhimili mwendo wa kasi juu ya ardhi mbaya. Ila tukumbuke mazingira yake. Mshindani wa Dakar ana pikipiki yenye nguvu nyingi, ana mafundi wanaomngoja jioni kambini, na mara nyingi ndani ya tairi lake hamna upepo hata chembe, bali mna pete nzima ya sponji ngumu isiyoweza kupata pancha. Sponji hiyo haipendi joto la mwendo wa kasi usiokatika, nayo hubadilishwa mara kwa mara. Mwalimu wa Maikona atabadilishiwa na nani? Na kama twataka kuona jinsi jina linavyoweza kuachana na kitu chake, basi Dakar yenyewe ni mfano tosha: mara ya mwisho mashindano hayo kufika Dakar ilikuwa mwaka 2007. Yale ya 2008 yalifutwa kwa sababu za usalama, kisha yakahamia Amerika Kusini kuanzia 2009, na tangu 2020 yamekuwa yakifanyika Saudia. Jina limesafiri, mji umebaki pale pale.

Niliwahi kumkuta mwalimu kijana kwenye njia ya kutoka Marsabit kwenda Maikona. Ilikuwa saa nne asubuhi naye amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye injini, kwa kuwa kivuli kilichokuwapo mahali pale kilikuwa cha pikipiki yake tu. Tairi la nyuma lilikuwa jipya. Alikuwa amelinunua likizoni, katika duka moja jijini, kwa sifa ya kuwa ni la jangwani. Meno matano yalikuwa yameng'oka na nyama yake, kama meno ya mtu aliyepigwa rungu, na kupitia kidonda kimojawapo jiwe lilikuwa limeichana tyubu urefu wa kidole. Tairi lile halikuwa bovu. Lingekuwa mchangani au kwenye tope, lingefanya kazi yake vizuri sana. Meno marefu yaliyoachana hujikita ndani ya ardhi laini na kuisukuma. Yakiwa juu ya jiwe hayana pa kujikita, hivyo hupinda, hupata joto na hukatika shinani. Tuliweka kipande cha ubavu wa tairi kuukuu ndani ya ule mpasuko, tukabandika viraka viwili kwenye tyubu, na mwenzangu akaenda polepole hadi alikokuwa akienda.

Kipande kile nilikuwa nimepewa na fundi wa akala. Naomba radhi kwa kuchepuka kidogo, lakini sijui mtu anayeyajua matairi kuliko fundi wa akala. Yeye hulipasua tairi kwa kisu kila siku. Anajua lipi lina matabaka mengi ya nyuzi na lipi ni mpira mtupu uliopakwa sura ya ukali, lipi ubavu wake unafaa kwa ukanda na lipi hukatika wiki ya pili. Na wateja wake ni watu wanaotembea juu ya mawe yale yale. Ningekuwa mnunuzi wa matairi wa shirika lolote kaskazini, ningemtembelea fundi huyo kabla sijafungua katalogi.

Kwa ardhi ya mawe, basi, kinachotafutwa ni mwili wa tairi kabla ya meno yake. Meno yawe mafupi, mapana, yamekaribiana, ili uzito ugawanyike juu ya mengi kwa wakati mmoja. Ubavu uwe mgumu; ushike kwa vidole gumba viwili uukandamize, na kama unaingia ndani kwa urahisi kama chapati, lirudishe. Isitoshe, kimo cha ubavu kina maana kubwa, na hapa ndipo ninapowaomba walimu wa hesabu wanisikilize.

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi ambayo wengi wetu huyapita kama mapambo. Nayo ni matini kamili yenye sarufi yake. Chukua mathalani 90/90-21 54R, saizi ya kawaida ya gurudumu la mbele la pikipiki za nyikani. Tarakimu ya kwanza ni upana, milimita 90. Ya pili si milimita tena bali ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana, yaani milimita 81. Ya tatu imehamia kipimo kingine kabisa, nayo ni kipenyo cha rimu kwa inchi, 21, ambazo ni milimita 533. Jumlisha ubavu wa juu na wa chini, utapata gurudumu la kimo cha milimita 695. Sasa litazame tairi la mbele la bodaboda ya kawaida, 2.75-17. Hapa upana wenyewe umeandikwa kwa inchi, ambazo ni kama milimita 70, na kimo cha ubavu hakikutajwa kwa kuwa huchukuliwa kuwa karibu sawa na upana. Rimu ni milimita 432. Jumla ni 572 hivi. Kutoka katikati ya gurudumu hadi chini kuna milimita 348 kwa la kwanza na 286 kwa la pili. Tofauti ni sentimita sita, urefu wa kidole cha mtoto, nazo ndizo hutenga jiwe linalopandwa na jiwe linalomwangusha mtu. Swali hili nimewahi kuwapa wanafunzi wa kidato cha pili huko huko kaskazini. Walilifanya kwa furaha kuliko maswali ya matangi yanayojazwa na mabomba mawili.

Sehemu ya mwisho, 54R, huachwa bila kusomwa kabisa, ilhali ndiyo inayohusu uhai. Namba 54 ni uzito ambao tairi linaweza kubeba, kilo 212. Herufi R ni mwendo wa juu, kilomita 170 kwa saa. Mwendo huo si wetu. Uzito ni wetu. Namba 50 ni kilo 190, na namba 59 ni kilo 243. Mpakie mwalimu wa kilo 75, abiria wa kilo 70, maji lita 20, petroli ya akiba na gunia la vitabu, yote hayo yakiegemea nyuma, kisha uone kama namba iliyoko ubavuni inatosha baada ya kuongeza sehemu ya uzito wa pikipiki yenyewe. Tarakimu nne zilizozungushiwa duara nazo ni tarehe: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, nalo jua la dirishani humsaidia uzee. Tairi lenye herufi NHS halikukusudiwa barabara kuu, liwe zuri namna gani.

Chalbi ina sheria zake. Wakati wa kiangazi kikali uso wake ni mgumu kama sakafu, na tairi lolote lenye afya litapita. Hatari iko katika miezi ya baada ya mvua, pale ambapo ganda la chumvi limekauka na kung'aa huku udongo wa chini ungali mbichi. Ganda likivunjika, udongo ule mwororo hujaza nafasi kati ya meno, na tairi lenye meno yaliyokaribiana, lile lile nililolisifu juu ya mawe, hugeuka duara laini lisiloshika kitu. Hapa meno yaliyoachana yana haki yake, kwa kuwa hutema tope. Je, mtu abebe matairi mawili? Hasha. Sabkha mbichi haishindwi kwa tairi, huzungukwa. Wagabra wanajua njia za pembeni, na kuuliza hakugharimu kitu ila salamu ndefu.

Juu ya mchanga nitasema machache, maana jawabu lake halimo sana katika tairi bali katika upepo. Mguu wa ngamia ni mpana na laini, hutandazika unapokanyaga. Punguza upepo na tairi nalo litatandazika. Kwa pikipiki nyepesi, paundi 15 kwa inchi mraba zatosha mchangani, ambapo juu ya mawe ningeweka 25 au zaidi kwa sababu tairi legevu huruhusu jiwe kuibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa mahali pawili. Anayetoa upepo lazima awe na pampu ya kuurudisha. Asiye na pampu asitoe. Kadhalika asitoe upepo adhuhuri eti kwa kuwa tairi limevimba. Tairi lililopimwa 22 asubuhi ya nyuzi 25 laweza kusoma 26 likipata joto la nyuzi 60, na hilo ni jambo la kawaida la fizikia. Ukiupunguza mchana, usiku utalala na tairi legevu, na kesho yake litakwenda likijikunja na kujipasha moto mpaka matabaka yake yaachane.

Hata hivyo, jambo lililoubadilisha uchaguzi wa tairi kaskazini kuliko yote ni lami. Zamani mtu akitoka Isiolo alikuwa ameshaingia katika vumbi. Katika miaka ya 2010 lami ilifika Marsabit na kuendelea hadi Moyale, na leo msafiri yule yule hupita zaidi ya kilomita 200 za lami yenye joto kabla hajaligusa jiwe. Meno marefu juu ya lami ya joto huliwa kama sabuni, tena hutetemesha usukani na hurefusha breki. Ndiyo maana watengenezaji huuza matairi ya mchanganyiko na kuyapa uwiano: nusu kwa nusu, tisini kwa kumi. Mimi nikiwa mtu wa lugha huuliza: asilimia ya nini? Ya muda? Ya kilomita? Ya ubora? Uwiano huo hautokani na kipimo chochote cha pamoja. Kila kampuni hujipangia wake. Unachoweza kufanya ni kuhesabu safari zako mwenyewe kwa mwezi mmoja, kilomita za lami na kilomita za mawe, na kisha ujiulize swali la pili lililo kubwa zaidi: nikikwama, nitakwama wapi? Mtu ambaye asilimia 80 ya safari yake ni lami bado anapaswa kununua tairi kwa ajili ya ile asilimia 20, maana kwenye lami lori la kumchukua litapita kabla ya jioni.

Ndipo ninapofika kwenye lalamiko langu. Ofisi na mashirika hununua matairi ya pikipiki kwa zabuni, na karatasi ya zabuni huandika saizi na bei na pengine neno moja la mapambo, “nyikani” au “jangwani”. Tairi lile lile hupelekwa kwa anayekaa kwenye mawe ya volkano, kwa anayekaa ukingoni mwa Chalbi, na kwa aliye Baringo au Turkana ambako adui si jiwe wala mchanga bali ni mwiba. Mathenge, mti uliopandwa Baringo mapema katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa lisienee, una miiba inayopenya tairi jembamba bila kuuliza, na wenyeji walifikia hatua ya kwenda mahakamani kwa madhara yake. Aendeshaye huko ahitaji tyubu nene ya milimita tatu au nne, jambo ambalo hakuna zabuni niliyoiona ikilitaja. Mstari mmoja ungetosha: ardhi ya mwendeshaji ni ya aina gani? Ajibu mwendeshaji mwenyewe, kwa maneno ya mahali pake, nao maofisa wajifunze maneno hayo. Tukifanya hivyo, huenda Kiswahili nacho kikapata majina ya sabkha na hamada kutoka Kigabra au Kirendille, badala ya kungoja Mfaransa atuletee ya Kiarabu.

Kwa wale watakaorudi vituoni shule zikifunguliwa, nina mambo mawili madogo ambayo sijayaona yakifundishwa. Pikipiki yenye rimu ya 21 mbele na 18 nyuma haihitaji tyubu mbili za akiba. Beba ya 21. Wakati wa dharura huingia hata nyuma, ikajikunja kidogo, na itakufikisha. La pili ni nati ndogo iliyoko kwenye shina la valvu. Usiikaze hadi rimu. Ipandishe juu, ikutane na kifuniko. Tairi likipungua upepo na kuanza kuteleza kwenye rimu, valvu italala upande, nawe utaliona jambo hilo unapopumzika, kabla shina halijang'oka.